Mwili uko hapa, moyo uko wapi?

Na Daktari Wetu

JE, mpenzi msomaji, unaikumbuka chai uliyokunywa asubuhi ya leo? Ilikuwa na tangawizi au haikuwa nayo? Uliinywa ukiwa umeketi, au uliimaliza ukiwa umesimama mlangoni huku ukitafuta funguo?

Usione haya ikiwa hukumbuki. Wengi wetu hatukumbuki. Kikombe kilijaa, kikawa kitupu, na katikati hapo sisi hatukuwapo. Mwili ulikuwa mezani, ilhali moyo ulikuwa tayari umefika kazini, benki, shuleni kwa watoto au kwenye ugomvi wa jana.

Jambo hili huonekana dogo. Hata hivyo, mimi hukutana nalo kila wiki katika chumba changu cha matibabu, likiwa limevaa nguo za ugonjwa. Wiki hii nataka tulitazame pamoja.

Tembe zilizomezwa mara mbili

Miezi kadhaa iliyopita, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa miaka 52, aliletwa kliniki na wenzake wawili wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa ameanguka darasani akiandika ubaoni. Mwalimu huyu nimemtibu shinikizo la damu kwa muda mrefu, na kila nimpimapo shida huwa kwamba kipimo kiko juu. Siku hiyo kilikuwa chini mno: 88 kwa 54.

"Mwalimu, umemeza dawa leo?" nikamwuliza.

"Nimemeza, Daktari."

"Mara ngapi?"

Alinyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nafikiri ni mara moja. Lakini nilikuwa naongea na simu. Mtoto wangu wa chuo alikuwa ananiambia hataruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu ya karo. Niliporudi jikoni nikaona pakiti iko mezani, nikadhani sijameza."

Kwa bahati, pakiti ilikuwa mkobani mwake. Tuliimwaga mezani tukahesabu. Alikuwa amenunua tembe 30, na siku hiyo ilikuwa ya 19. Iwapo angalimeza moja kila siku, zingalisalia 11. Zilikuwa 15, licha ya kwamba asubuhi hiyo alikuwa amemeza mbili. Maana yake ni kuwa zilikuwapo angalau siku tano ambazo hakumeza kabisa, naye alikuwa na hakika kwamba alimeza.

Sasa sikiliza kosa langu mimi. Mwezi uliotangulia, nilipoona kipimo chake kimefika 172 kwa 104, nilimwongezea nguvu ya dawa. Sikumwomba anionyeshe pakiti. Nilikuwa nimeongeza dawa kwa mtu ambaye shida yake haikuwa upungufu wa dawa, na siku alipoimeza mara mbili, ikamwangusha.

Hata daktari huteleza

Usidhani kwamba nakuhubiria nikiwa juu ya mlima. Zamani kidogo, nikiwa daktari mchanga katika hospitali moja, niliona wagonjwa tangu asubuhi hadi jioni bila kupumzika. Mama mmoja aliingia na mtoto wa miaka minne aliyekuwa na maumivu ya sikio. Akanieleza kwamba mtoto huyo akipewa dawa za jamii ya penisilini huvimba uso na kupata shida ya kupumua. Mimi nikaitikia, "Sawa mama," huku nikifikiria ratiba ya zamu ya usiku.

Kisha nikachukua kalamu nikaandika amoksisilini, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo ya penisilini.

Aliyemwokoa mtoto yule si mimi. Mama alifika dirisha la dawa, akauliza jina la dawa, akarudi mbio. "Samahani Daktari, hii si ndiyo ile ile niliyokuambia?" Nilitoka jasho. Masikio yangu yalikuwa yamesikia kila neno, lakini mimi mwenyewe sikuwapo.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Siku ile kilichokuwa karibu kuniponyoka ni uhai wa mtoto.

Umakinifu ni nini?

Njia ya kujizoeza kuuweka moyo mahali mwili ulipo ndiyo nitakayoiita hapa umakinifu. Ni kuelekeza fikira zako, kwa kutaka mwenyewe, kwenye jambo linalotendeka sasa hivi, na kulitazama lilivyo kabla ya kuanza kulilaumu au kulisifu.

Tazama kwamba sikusema kuacha kufikiri. Watu wengi hujaribu kukaa kimya dakika mbili, wakaona mawazo yanapiga kelele kama soko, wakakata tamaa na kusema, "Mimi siwezi." La hasha! Kazi ya ubongo ni kutoa mawazo, kama vile kazi ya moyo ilivyo ni kupiga. Zoezi lenyewe ni hili: fikira zinatoroka, unagundua zimetoroka, unazirudisha bila kujitukana. Zikitoroka mara 20 ukazirudisha mara 20, umefanya zoezi mara 20.

Wala umakinifu si kupanga mambo ya kesho. Kupanga ni kwema na kuna wakati wake. Ukiketi na karatasi na kalamu kuhesabu karo, hapo moyo na mwili viko mahali pamoja. Shida ni pale unapoihesabu karo hiyo hiyo ukiwa unavuka barabara, ukiwa unakaanga vitunguu, na tena saa nane za usiku kitandani ambako hakuna hata senti moja itakayopatikana.

Lilitoka wapi?

Mafunzo haya yana asili ya kale. Wabuddha wa Asia wamekuwa wakiyafundisha kwa zaidi ya miaka 2,000, na katika lugha yao ya Kipali huitwa sati.

Aliyeyaingiza hospitalini ni Mmarekani Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa sayansi ya viumbe. Mwaka 1979, katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha darasa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, wengi wao wakiwa hawakupata nafuu ya kutosha kwa matibabu ya kawaida. Aliyaacha kando mambo ya dini akabaki na mazoezi yenyewe: kupumua, kukaa, kutembea, kunyoosha viungo na kuusikiliza mwili.

Lakini usifikiri kwamba ni jambo geni kwetu. Mwislamu hufundishwa tangu utotoni kuswali kwa khushuu, yaani moyo uhudhurie pale ulimi unaposoma. Mkristo huambiwa atulie kabla ya kuomba. Mtazame mzee wa Lamu au Mombasa akinywa kahawa chungu barazani kwa kile kikombe kidogo, au watu wawili wakicheza bao. Mtazame mama anayechambua mchele katika ungo. Vidole, macho na fikira viko pamoja. Tulikuwa nayo mazoea haya. Siku hizi tumeyafukuza kwa haraka, na simu imekuja kuyamalizia.

Mwili hufanya nini moyo ukitangatanga?

Unapofikiria jambo la kutisha, ubongo hupeleka habari hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini na kotisoli katika damu. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hukaza, sukari hupanda, misuli ya shingo na mabega hukaza, na tumbo husitisha kazi yake.

Huo ni mpango mzuri sana ikiwa umekutana na nyati njiani. Utakimbia, utapona, na baada ya muda mwili utatulia. Ajabu ni kwamba mwili huitikia vivyo hivyo hata kama nyati huyo ni wa mawazo tu. Mwenye kuwaza deni mara 50 kwa siku huamsha mwili wake mara 50. Karo hulipwa mara moja kwa pesa, lakini wengi wetu huilipa mara mia kwa usingizi.

Ndiyo sababu naona watu wenye kichwa kinachogonga kila jioni, shingo iliyokauka, kiungulia, moyo kwenda mbio na usingizi wa mang'amung'amu, ilhali vipimo vyao vyote ni safi. Watu hawa hawajisingizii. Maumivu yao ni ya kweli.

Sasa kuna habari njema. Sehemu kubwa ya mitambo hii huendeshwa bila ruhusa yako, lakini kupumua kunaendeshwa kwa njia mbili: hujiendesha kwenyewe, na vilevile waweza kukuongoza. Upo mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Unapotoa pumzi taratibu, mshipa huo huuambia moyo upunguze mwendo.

Hebu jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, usikie mapigo. Vuta pumzi, kisha itoe polepole kama unayepoza uji. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakipunguza mwendo kidogo pumzi inapotoka. Si uchawi, ni umbile la mwili wako.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2010, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya utafiti uliotumia simu. Watu wazima 2,250 waliulizwa kwa nyakati zisizotabirika: unafanya nini, unafikiria nini, na unajisikiaje? Ilionekana kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, watu walikuwa wakifikiria jambo lingine si lile walilokuwa wakilifanya. Tena furaha yao ilikuwa pungufu pale fikira zilipokuwa mbali.

Kuhusu ugonjwa wa huzuni kuu, wataalamu John Teasdale, Mark Williams na Zindel Segal walichapisha majaribio mwaka 2000. Miongoni mwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata matibabu ya kawaida tu waliugua tena, ikilinganishwa na asilimia 37 ya walioongezewa mafunzo ya umakinifu. Kwa waliokuwa wameugua mara mbili pekee, mafunzo hayo hayakuwafaa. Mwaka 2004, taasisi inayotoa mwongozo wa tiba nchini Uingereza iliyapendekeza kwa hao wenye historia ya kuugua mara tatu au zaidi.

Mwaka 2022, madaktari wa Marekani walilinganisha darasa la wiki nane na dawa ya esitalopramu kwa watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Lakini ukumbuke kwamba waliokuwa darasani walijizoeza kila siku dakika 45 nyumbani. Haikuwa kukaa kimya mara moja kwa wiki.

Hapa kwetu, mwaka 2017 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa jijini Nairobi kwa wanawake zaidi ya 400 wenye mfadhaiko, wengi wao wakiwa wamewahi kudhulumiwa. Walipewa vikao vitano na wahudumu wa kawaida wa jamii waliofunzwa, wala si madaktari. Vikao hivyo si umakinifu kamili, kwani mlikuwa na kutatua matatizo na kutafuta watu wa kukusaidia, lakini somo mojawapo lilikuwa kupumua polepole. Mfadhaiko wao ulipungua zaidi kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida.

Aidha, ni haki nikuambie upande wa pili. Mwaka 2014, wataalamu walipoyachunguza majaribio 47 kwa pamoja, waliona manufaa ya kiasi kwa wasiwasi, huzuni na maumivu. Hawakuona ushahidi kwamba umakinifu hushinda dawa au mazoezi ya viungo. Na mwaka 2022, utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 haukuona manufaa ya kufundisha umakinifu darasani kwa vijana wote. Basi anayekuambia kwamba unatibu kila kitu, mwulize anauza nini.

Anza na haya

Huhitaji mkeka maalum, uvumba wala chumba cha peke yako. Chagua jambo moja tu kati ya haya, ulifanye kwa wiki mbili kabla ya kuongeza la pili.

1. Pumzi tatu mlangoni. Kabla ya kufungua mlango wa nyumba yako jioni, simama. Vuta pumzi kupitia puani, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Fanya hivyo mara tatu, kisha ingia. Mambo ya kazini yana siku yake kesho. Watoto wako wanangoja mzazi, hawangoji karani.

2. Kikombe kimoja. Kunywa kikombe kimoja cha chai kwa siku bila simu, redio wala gazeti, hata hili. Sikia joto lake viganjani. Nusa. Funda la kwanza lifuate hadi koo. Fikira zikitoroka, zirudishe kwenye kikombe.

3. Kazi moja ya mikono. Kuosha vyombo, kufua, kusonga ugali, kuchuma sukuma wiki shambani. Hisi maji, sikia mwiko unavyokuwa mzito unga unapoiva. Hii si kazi ya akina mama peke yao. Baba anayepiga viatu rangi au kuosha gari anaweza kujizoeza vilevile.

4. Hatua za kwenda kituoni. Unapotembea kwenda kupanda matatu, hesabu hatua kumi huku ukihisi kisigino kinavyogusa ardhi, kisha vidole. Anza tena. Macho yabaki wazi na masikio yasikie magari. Umakinifu wa kweli hukufanya uione pikipiki inayokuja, haukufumbi macho.

5. Kumsikiliza mtu mmoja. Kila siku, mtu mmoja aongee nawe simu ikiwa mfukoni. Usitayarishe jibu akiwa bado anasema. Mara nyingi huyo atakuwa mtoto.

6. Dakika kumi za kuketi. Ukishazoea hayo, keti kitini asubuhi kabla ya wengine kuamka, miguu ikiwa sakafuni. Fuata pumzi ikiingia na kutoka. Usiilazimishe. Ukitaka, fumba macho. Usipotaka, tazama sakafu.

Kwa wanaomeza dawa kila siku

Hapa nataka kutua kidogo, kwa maana ndipo nilipojifunza kwa mwalimu wangu yule. Ukiwa na shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu au unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi, kumeza dawa kuwe ndilo zoezi lako la kwanza la umakinifu.

Weka dawa mahali pamoja, mbali na mikono ya watoto. Meza saa ile ile. Zima jiko, weka simu chini. Shika tembe kiganjani uitazame: rangi yake, umbo lake. Sema kwa sauti, "Leo Jumanne nameza dawa ya presha." Meza. Kisha hapo hapo tia alama kwenye kalenda ya ukutani. Yote haya hayachukui dakika moja.

Ukisahau kama umemeza, tazama kalenda. Ikiwa huna alama na huna hakika, usimeze tena kwa kubahatisha, bali mwulize daktari au mfamasia wako, kwani dawa hazifanani. Na kila ujapo kliniki, njoo na pakiti zako.

Maswali ninayoulizwa

Je, hii si dini ya watu wengine? Yana asili huko, lakini kuhisi pumzi yako au kuosha sahani kwa makini si ibada ya yeyote. Hata hivyo, ikiwa moyo wako una shaka, tulia kwa njia ya dini yako mwenyewe. Anayeswali au kuomba kwa utulivu naye anajizoeza kuuweka moyo mahali pamoja.

Nifanye muda gani ndipo nione mabadiliko? Madarasa mengi yaliyochunguzwa ni ya wiki nane. Usijipime baada ya siku tatu.

Ninapotulia nasinzia. Je, nakosea? Yamkini una deni la usingizi. Lala kwanza. Kisha jizoeze ukiwa umeketi wima, si kitandani.

Nikitulia, mawazo mabaya ndiyo huja. Nifanyeje? Soma sehemu inayofuata.

Tahadhari

Kwanza, usiache dawa. Umakinifu ni mwenzi wa matibabu, hauchukui nafasi yake. Mwenye kipimo cha 170 kwa 100 hatatibiwa kwa kunywa chai polepole. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito ghafla ni mambo ya kukimbilia hospitali, wala si ya kukaa na kupumua.

Pili, waliopitia mambo mazito kama kubakwa, ajali mbaya au vita huenda wakifumba macho wakarudishwa palepale. Hilo likikupata, fungua macho, simama, gusa kitu baridi, taja vitu vitano unavyoviona chumbani. Kisha usijizoeze peke yako. Tafuta mshauri au daktari akusaidie.

Tatu, ikiwa huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, hupati raha ya chochote, au unawaza kujitoa uhai, mwambie mtu leo. Nenda hospitali iliyo karibu nawe. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, nao hutibika.

Nne, na hili nalisema kwa mkazo: umakinifu si dawa ya dhuluma. Mwajiri asiyekulipa mshahara miezi mitatu hatakiwi kukuletea mwalimu wa kupumua, atakiwa kukulipa. Mke anayepigwa hahitaji kufundishwa kuvumilia, ahitaji usalama. Kutulia kunakusaidia kuliona tatizo lilivyo ili ulikabili. Kusikufundishe kulizoea.

Mwalimu yuko wapi sasa?

Nilimrudishia mwalimu kipimo chake cha zamani cha dawa, nikampa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Mwanzoni alicheka. "Daktari, mimi nimefundisha watoto miaka 28 kutia alama ya vema, leo wanifundisha mimi?"

Aliporudi baada ya majuma sita, kalenda ilikuwa ndani ya mkoba, imekunjwa mara nne. Siku mbili zilikuwa hazina alama, na akaniambia kwa nini bila kuulizwa: moja alikuwa matangani, nyingine alisahau tu. Kipimo kilikuwa 138 kwa 86. Karo ya mtoto ilikuwa bado haijakamilika. Alikuwa amezungumza na chuo wakakubaliana alipe kidogo kidogo. Kichwa humwuma bado, lakini si kila siku.

"Kuna jambo moja limebadilika, Daktari," akaniambia akifunga mkoba. "Siku hizi nikimeza dawa, nakumbuka kwamba nimemeza."

Nami nimebadilisha jambo moja. Kabla mgonjwa hajaingia, naiweka kalamu mezani na kuvuta pumzi moja. Kisha namwita. Na kabla ya kuandika dawa yoyote, namwuliza tena kama kuna dawa inayomdhuru, hata kama ameshaniambia.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu chumvi jikoni na shinikizo la damu. Hadi wakati huo, weka gazeti hili kando, ukaandae chai yako, na uinywe.